Jinsi ya kuanza mfululizo wa kichawi: kusoma Akata Witch ukiwa Mombasa

Ukionekana Mombasa umeshika kitabu chenye uchawi ndani yake, utaulizwa maswali kabla hujafika ukurasa wa pili. Ni haki yao wanaouliza. Mji huu na vijiji vinavyouzunguka vina msamiati mrefu wa mambo haya: majini, mizimu, wanga, hirizi, kafara, makombe. Hakuna aliyelelewa Pwani asiyesikia kisa cha mtu aliyechezewa, au cha nyumba isiyokalika.

Kwa hiyo msomaji wa hapa anaingia kwenye riwaya za kichawi na mtaji ambao wengine hawana. Anajua tangu utotoni kwamba nguvu za namna hii huwa na masharti. Mtaji huohuo unaweza kumpotosha, na nitaeleza vipi huko mbele. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kusoma mfululizo wa aina hii, mkubwa au mdogo, na anataka kuanza vizuri na kitabu cha kwanza.

Nimechagua kitabu kimoja cha kujifunzia: Akata Witch cha Nnedi Okorafor. Mwandishi alizaliwa Marekani mwaka 1974, wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria. Kisa kinatokea Aba, mji wa kusini mashariki mwa Nigeria, na shujaa wake ni msichana wa miaka 12 anayeitwa Sunny. Kimeandikwa kwa ajili ya vijana, Kiingereza chake hakivunji meno, na uchawi wake umechimbwa kwenye ardhi ya Afrika. Mtoto wa Kisauni au Likoni hahitaji kuelezwa miti na majira ya Ulaya ndipo aelewe kinachosemwa.

Kwanza, jua kitabu cha kwanza kina kazi gani

Riwaya inayosimama peke yake inasimulia kisa, kisha imekwisha. Kitabu cha kwanza cha mfululizo kinasimulia kisa na wakati huohuo kinaweka sheria za ulimwengu mzima. Nguvu inatoka wapi, nani anaweza kuwa nayo, nani anafundisha, na inamgharimu nini anayeitumia. Vitabu vitakavyofuata vitajengwa juu ya hayo, na mwandishi hatarudi kuyaeleza upya.

Msomaji anayekimbiza kisa peke yake atafika mwisho amefurahi, kisha atafungua kitabu cha pili na kukuta hajui kwa nini jambo fulani ni haramu au kwa nini mtu fulani anaogopwa. Ndiyo sababu nasisitiza: kisa kitakubeba chenyewe, wewe tia bidii kwenye sheria.

Hakikisha umeshika kitabu chenyewe

Hapa watu hupotezana. Kitabu hiki kina majina mawili. Marekani kilitoka mwaka 2011 kwa jina la Akata Witch. Nigeria kilitolewa na Cassava Republic kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Maandishi ni ya kitabu kilekile, kwa hiyo usinunue vyote viwili ukidhani kimoja ni mwendelezo. Cha pili ni Akata Warrior cha mwaka 2017, na cha tatu Akata Woman cha mwaka 2022. Majina yanafanana na majalada pia yanafanana, basi geuza kurasa za mwanzo, penye jina la mchapishaji na mwaka, ujiridhishe kabla hujatoa pesa.

Mahali pa kutafuta: anza na maktaba ya umma ya Barabara ya Msanifu Kombo. Usipokikuta kwenye rafu muulize mhudumu, maana vitabu vya vijana huwekwa upande wa watoto. Wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara wanaweza kukuwekea macho ukiwaachia jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi. Andika majina yote mawili ya kitabu. Duka la vitabu litakuagizia, ila uliza bei na muda kabla ya kuweka amana. Ukiwa na simu nzuri, nunua nakala ya kielektroniki.

Faili zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ziache. Mwandishi hapati hata senti, na nyingi zina kurasa zilizoruka au maneno yaliyovurugika. Katika kitabu ambacho sheria moja inaweza kutajwa mara moja tu, ukurasa mmoja ukikosekana umepoteza ufunguo.

Kama umenunua cha karatasi, kiweke mbali na dirisha la upande wa bahari. Chumvi na unyevu wa hapa hukunja kurasa na kuotesha ukungu.

Mkao wa kwanza uwe mrefu

Usianzie kitabu hiki kwenye foleni ya feri. Kivuko cha Likoni ni kizuri kwa kitabu ulichokwisha kukizoea. Kwa kurasa za mwanzo, makelele ya abiria, mikokoteni na wauza njugu yatakukatakata. Tenga jioni moja. Wengine hupenda kukaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina upepo ukivuma, wengine hupanda darini. Popote, mradi usome kurasa za mwanzo kwa mkupuo, hadi utakapofahamu Sunny ni nani na wenzake ni kina nani.

Mlango wa kitabu ni mdogo sana lakini umejaa. Stima zimepotea, Sunny anatazama mwali wa mshumaa, na ndani ya mwali anaona mwisho wa dunia. Sisi tunaokaa na giza la ghafla mara kwa mara tunaijua hali hiyo ya mtu kukodolea macho mshumaa kwa kukosa la kufanya. Usipite haraka. Kile alichokiona pale ndicho kitakachobeba mfululizo, na mwandishi hana papara ya kukifafanua.

Baada ya mkao huo wa kwanza, sura moja au mbili kwa siku zinatosha.

Fungua daftari: nguvu, gharama, mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote. Chukua daftari la kawaida, gawanya ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika «nguvu», ya pili «gharama», ya tatu «mwenyewe». Kila utakapokutana na jambo la kichawi, liandike na ujaze safu zote tatu. Safu ikikosa jibu iache wazi. Mara nyingi jibu linakuja sura mbili mbele, au kitabu kizima mbele.

Kwa nini gharama? Kwa sababu hadithi ya kichawi isiyo na gharama haina mvuto. Waswahili tulilijua hili zamani. Fumo Liyongo hakuingiwa na mkuki wala upanga, lakini alikuwa na pahala pamoja pa kufia, kitovuni, tena kwa sindano ya shaba. Siri hiyo ikamfikia mwanawe mwenyewe, na mwana akaitumia. Toa ile sindano, na Liyongo anabaki mtu mwenye nguvu tu. Sindano ndiyo iliyofanya jina lake likae midomoni karne na karne.

Sasa itafute sindano kwa Sunny. Mapema kabisa, kabla wenzake Orlu na Chichi hawajamfunulia siri yao, wanamfunga kwa kiapo cha alama kinachomzuia kuyatamka mambo hayo kwa wasiohusika. Wasiohusika ni pamoja na baba yake, mama yake na kaka zake wawili. Andika kwenye safu ya gharama: hawezi kumwambia mamake. Kisha tazama katika kila sura jinsi ukimya huo unavyomla, anavyochelewa nyumbani na kukosa la kujibu, baba yake akiwa mtu mkali. Kwangu mimi, hapo ndipo kitabu kinapouma, zaidi ya pale penye mapambano.

Andika pia kuhusu chittim. Ni vipande vya metali ambavyo ndiyo fedha ya Watu wa Chui, jamii ya kichawi ambayo Sunny anaingia. Havichimbwi wala havifanyiwi biashara ya kuvizalisha. Vinamdondokea mtu pale anapojifunza jambo kweli. Mtu anayemiliki vingi ni yule aliyejifunza mengi. Weka hilo moyoni, maana adui wa kitabu hiki, mtu anayeitwa Black Hat Otokoto, anayeteka watoto, ametaka nguvu kwa njia nyingine kabisa, na utamwelewa vizuri ukishajua njia halali ilikuwa ipi.

Safu ya «mwenyewe», na kwa nini Afrika Mashariki tunaihitaji

Sunny ana ualbino. Jua linamchoma, kwa hiyo mpira, anaoupenda mno, huucheza jioni. Shuleni anadhihakiwa. Na katika ulimwengu wa Watu wa Chui, kile ambacho wengine wanakiona kasoro ndicho mizizi ya kipaji. Orlu anasumbuliwa na kusoma, herufi zinamchanganya, na kipaji chake ni kufungua na kutengua kilichofungwa. Sasha, mwenzao wa nne, ameletwa kutoka Chicago kwa sababu ya ukorofi, na ukorofi wake ni akili isiyotulia. Mwandishi anajua anachokisema: upasuaji wa uti wa mgongo alipokuwa mwanariadha kijana ulimwacha amepooza miguu kwa muda, na ni kitandani hapo alipoanza kuandika.

Lakini soma sehemu hii kwa uangalifu mkubwa. Katika nchi za kwetu watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani ya uongo kwamba miili yao ina bahati ya kuuzwa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Ni majirani, wanafunzi, walimu. Je, kitabu kinachompa msichana mwenye ualbino nguvu za kichawi hakirudii uongo uleule?

Jibu langu ni hapana, na safu ya tatu ndiyo inayoonyesha kwa nini. Andika: nguvu ya Sunny, mwenyewe ni Sunny. Haimo kwenye nywele wala mifupa yake ili mtu mwingine aichukue. Anajifunza kuitumia kwa kusoma, kwa kuogopa, kwa kufundishwa, na hakuna anayeweza kuinunua. Uongo wa waganga matapeli unamfanya mtu kuwa dawa ya mwingine. Kitabu kinamfanya kuwa mwanafunzi. Ikiwa unasoma na watoto, simama hapa na mlizungumze waziwazi, wala msitumie neno zeruzeru, hata kama babu zetu walilitumia.

Usimtafute mchawi mtaani

Nilisema mtaji wetu unaweza kutupotosha. Msomaji wa Pwani hujaribiwa kutafsiri kila kitu kwa alichosikia nyumbani: Watu wa Chui ndio wanga, Anatov mwalimu wao ndiye mganga, na mwisho wake, bibi fulani wa nyuma ya nyumba ndiye nani. Ikatae hatua hiyo ya mwisho kwa nguvu zako zote.

Huko Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma mna shamba linalogombewa. Kaya Godoma, upande wa Ganze, imekuwa hifadhi ya wazee waliokimbia watoto na wajukuu zao wenyewe. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu mwaka 1925, inamhesabia kosa anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi badala ya kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni si ushahidi wa chochote. Kitabu cha kubuni kikae kuwa cha kubuni.

Ulinganisho wenye faida ni wa namna nyingine. Nsibidi, maandishi ya alama yanayoupa mfululizo mzima jina lake, The Nsibidi Scripts, ni maandishi ya kweli ya kusini mashariki mwa Nigeria, yaliyotumiwa na chama cha siri cha Ekpe, yaani chui. Mwandishi amechukua kitu kilichokuwepo akakiotesha mbawa. Jiulize kwetu kuna nini cha kuoteshwa mbawa: vigango vya Wagiriama, misitu ya kaya, nakshi za milango ya Mji wa Kale. Na mji wa kichawi wa kitabu haufikiki ila kwa kuvuka daraja jembamba, na kila mtu huvuka kwa sura yake ya rohoni. Sisi wa kisiwani, tusiotoka wala kuingia bila daraja au feri, tunayo maana yetu ya kuvuka. Andika hayo pembeni ya daftari.

Maneno usiyoyajua, na kitabu kilichomo kitabuni

Kuna vyakula, matusi madogo na maneno ya Kiigbo. Usikimbilie kamusi kila mstari. Weka alama kwa penseli, endelea, na ukifika mwisho wa sura uone ni yapi bado yanakuzuia. Mengi yatakuwa yamejieleza.

Jambo moja tu lisikupite. Baina ya sura kuna vipande vya kitabu kingine, mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu kama Sunny, wanaoingia kwenye jamii hiyo bila kulelewa ndani yake. Aliyeuandika mwongozo huo anawadharau watu anaowafundisha. Soma vipande hivyo vyote, usiviruke, lakini visome kama unavyomsikiliza mtu mzima mwenye elimu na mwenye chuki: chukua habari, kataa hukumu. Ni mojawapo ya mbinu nzuri sana za kitabu hiki, na wengi huiruka wakidhani ni pambo.

Mzazi au ustadhi akiuliza

Usifiche kitabu chini ya mto. Kikifichwa kinakuwa na hatia kabla ya kusomwa. Kama wewe ni kijana, nenda nacho mkononi, salimu kwa adabu, useme maneno kama haya: «Mama, hichi ni kitabu cha hadithi, cha kubuni. Kina mambo ya uchawi ndani. Hakifundishi kufanya, kinasimulia. Nakuomba ukitazame, na pakikutia shaka nambie.»

Kisha mpe kweli, na umwachie muda. Akikataa, usibishane siku hiyo. Wapo wanaoamini kwamba hata kusoma habari za uchawi ni kujiweka karibu nao, na imani hiyo ina mizizi mirefu kuliko kitabu chochote. Mara nyingi kinachosaidia ni mzazi kusoma sura ya kwanza mwenyewe na kukuta msichana wa shule anayeonewa. Na wewe mzazi, ukiombwa hivyo, soma kabla ya kuamua. Mtoto aliyekuja kukuomba ruhusa amekuheshimu.

Someni wanne

Watoto wa kitabu ni wanne: Sunny, Orlu, Chichi na Sasha. Mkipatikana wasomaji wanne, kila mmoja achukue mtoto wake na amfuatilie hadi mwisho, ajue anachotaka, anachoogopa na anachoficha. Mkutane mara moja kwa wiki barazani, na kahawa chungu na kashata zikiwepo mazungumzo hayatakawia. Mkubaliane mapema sura ya kufikia, na aliyetangulia asiwatobolee wenzake. Mwenye Chichi atakuwa na kazi ya kupendeza: msichana huyo haendi shule, anaishi na mamake kwenye kibanda kilichojaa vitabu, na anajua zaidi ya wanaokwenda.

Kwenye kikao cha mwisho leteni madaftari, mfananishe safu za gharama. Zitatofautiana, na hapo ndipo mazungumzo yatakapochukua usiku.

Kabla ya cha pili

Ukimaliza, msimulie mtu asiyekisoma. Si kisa, bali sheria: mtu anakuwaje mmoja wa Watu wa Chui, fedha yao inapatikanaje, nini ni marufuku na adhabu yake nini. Ukikwama mahali, rudi kwenye sura hiyo tu. Ukiweza kuzieleza zote bila kufungua kitabu, uko tayari.

Maswali ambayo daftari halijayajibu, hasa la mshumaa, yahamishie ukurasa mpya na uandike juu yake jina la kitabu cha pili. Wasomaji wa mwanzo walisubiri kutoka 2011 hadi 2017 kukipata. Wewe ukikirudisha cha kwanza maktaba, muulize mhudumu kama cha pili kimefika, na kama hakijafika mwachie jina lako.